Gari la Mzee Bwire Lililokuwa Likizimika Juani

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni popote pasipo na grisi. Mlisema mnataka niwaeleze kazi ya umeme wa magari ilivyokuwa, na mmoja wenu akaongeza, "Mama, tueleze enzi zile za pointi." Nikacheka. Enzi za pointi! Utadhani nimeulizwa habari za Wajerumani.

Jina langu ni Leokadia, lakini pale gereji ya Mkuyuni, mjini Mwanza, wote walinijua kwa jina la Fundi Leo. Mtu alikuwa anafika mlangoni anauliza, "Fundi Leo yupo?" Mzee Mabula, mwenye gereji, anamjibu bila kuinua kichwa, "Leo yupo, jana alikuwepo, na kesho Mungu akipenda atakuwepo." Mteja anaangaza huku na huku akitafuta mwanaume. Natokea mimi, kanga kiunoni juu ya ovaroli, bisibisi mkononi, naye ananiuliza, "Samahani dada, fundi mwenyewe yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikajifunza kumuuliza tu, "Gari lina shida gani?" Mwenye gari bovu hachelewi kuzoea.

Mzee Mabula ndiye aliyenifundisha. Alikuwa Msukuma mfupi, mpole, aliyetengeneza malori ya pamba nusu ya maisha yake, na hadi anastaafu kwake gari lilibaki "gali". Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, nimerudi nyumbani na sabuni na barua ya shukrani. Akanikuta nimefungua redio ya jirani yangu natafuta waya uliokatika. Akasimama akaangalia. Akasema, "Wewe una subira. Njoo kesho." Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Ninyi mmefundishwa darasani jinsi koili inavyofanya kazi, mna michoro na mishale. Mimi nilifundishwa hivi. Nilimuuliza mzee, betri ina umeme mdogo, hauwezi kuruka hata upana wa ukucha, sasa cheche ya kwenye plagi inatoka wapi? Akasema, "Mtoto akiwa ananyonya, analia?" Nikasema halii. "Mwondolee titi ghafla, usikie." Basi. Koili inanyonya umeme wa betri kimya kimya, na pale umeme unapokatwa ghafla ndipo inapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo cheche. Pointi kazi yake ilikuwa kumwondoa mtoto titini. Vyuma viwili vidogo ndani ya distributa, vinagusana, vinaachana, vinagusana, vinaachana. Distributa inapokea kelele ile na kuigawa kwa kila plagi kwa zamu yake.

Kwa kuwa vilikuwa vinagusana na kuachana kutwa nzima, vyuma vile viliungua na kuota vipele. Ndiyo maana zamani kila mwenye gari alikuwa fundi nusu. Jumapili baada ya kanisa ungewakuta wazee wameinua boneti, wamefungua kofia ya distributa, wanasugua pointi kwa msasa laini. Nafasi ya pointi wanaipima kwa kipande cha pakiti ya sigara kilichokunjwa. Magari yaliwaka, na wazee walijisikia vizuri. Kumbukeni tabia hiyo ya msasa wa Jumapili, maana ndiyo iliyotaka kuvunja ndoa ya watu.

Lakini kwanza niwape kisa cha mtaa wa Pasiansi, maana kina faida. Kulikuwa na mwalimu mmoja pale aliyekuwa na gari kuukuu ambalo kila asubuhi lilisukumwa na wanafunzi wake. Mchana linawaka lenyewe, jioni linawaka, asubuhi halitaki kabisa. Wanafunzi walipenda, maana kipindi cha kwanza kilikuwa hakianzi. Nilipokwenda kulitazama nikaona amelilaza mahali ambapo pua yake inatazama ziwani. Unyevu wa ziwa, wanangu, huingia mahali ambapo hata sisimizi hapiti. Nikafungua kofia ya distributa, nikaifuta, nikaigeuza kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama mtu amechora kwa penseli. Huo ni ufa, na umeme ulikuwa umeshaufanya njia. Ukiwa mkavu gari linavumilia, ukipata umande cheche inapita kwenye ufa na kupotea kabla ya kufika kwenye plagi. Tukabadilisha kofia. Wanafunzi hawakunipenda tena.

Ukikuta mstari wa penseli ndani ya kofia, usiusugue ukadhani umepona. Badilisha kofia.

Sasa miaka ya tisini ikafika na milango ya biashara ikafunguliwa. Kabla ya hapo spea ilikuwa inatafutwa kama dawa. Baada ya hapo zilijaa. Maduka yaliota mjini kama uyoga, kila moja lina plagi, lina koili, lina roto, zote kwenye maboksi yanayong'aa. Zamani ulikosa spea; sasa ulikosa spea ya kweli. Tulikuwa tunafunga roto, ule ulimi unaozunguka ndani ya distributa, asubuhi, jioni imeungua. Tukajifunza kupima uzito kiganjani, kunusa plastiki, kuangalia maandishi ya kwenye boksi kama yameandikwa na mtu aliyekwenda shule. Na pamoja na spea yakaja magari yenyewe, magari madogo ya Kijapani yaliyotumika, yanapita Dubai, yanafika Mwanza bado yana kalenda ya Kijapani kwenye kioo.

La kwanza kuingia gereji kwetu, Mzee Mabula alifungua kofia ya distributa, akatazama ndani, akaifunga. Akaifungua tena.

"Leo."

"Naam, mzee."

"Gali hili halina pointi."

Nikachungulia. Kweli hazikuwemo. Pale pa pointi palikuwa na kidude kidogo cheusi, bapa, kimefungwa kwa skrubu mbili, hakina kinachosogea wala kinachosugulika. Siku hizi mnakiita ignaita. Sisi tulikiita kidude. Mzee alikwenda kukaa kwenye tairi, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Nilimwelewa. Mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye vidole, ukimletea kitu kisichoguswa, anaona mwisho wake. Na mimi niliyekuwa nimepunguzwa kazi mara moja, niliona ninakwenda kupunguzwa mara ya pili, safari hii na kidude.

Ndipo alipokuja Daudi.

Daudi alikuwa dereva, kijana mtaratibu wa kama miaka thelathini, anaishi Mwanza na mkewe Nyangeta. Gari alilokuwa anaendesha halikuwa lake. Lilikuwa la baba mkwe wake, Mzee Bwire, Mjita wa Musoma, mfanyabiashara wa nyavu na mzee wa kanisa. Bwire alilinunua ili Daudi abebe abiria wa kukodi kati ya Mwanza na Musoma, na familia zote mbili zipate riziki. Gari lilikuwa jipya machoni, jeupe, na lilikwenda vizuri miezi kadhaa. Halafu likaanza kuzimika njiani.

"Linazimika vipi?" nilimuuliza.

"Linakata tu, fundi. Kama mtu amezima swichi. Nakaa hapo, jua linanichoma, abiria wananitukana. Baada ya muda nawasha, linawaka kama halikuwa na kitu."

"Na hapa gereji?"

Akawasha. Likawaka. Tukaliacha likinguruma, tukanywa chai, likinguruma bado.

"Unaona?" alisema. "Hata kwa baba mkwe linafanya hivi hivi. Akipanda yeye mjini pale Musoma, safari fupi, halizimiki. Anasema nadanganya. Anasema ninauza safari kwa siri, nakula nauli, halafu nasingizia gari. Wiki iliyopita alikuja kumchukua Nyangeta. Amesema atakaa Musoma mpaka niseme ukweli. Fundi, mimi ukweli nimeshausema. Sina mwingine."

Mafundi wawili walikuwa wamemtengenezea tayari. Mmoja alibadilisha pampu ya petroli, mwingine alibadilisha koili na plagi zote. Na kila matengenezo mapya yalizidi kumtia hatiani, maana Mzee Bwire aliuliza, na kwa haki kabisa, gari gani hilo linatengenezwa na bado linazimika pale tu mwenyewe asipokuwemo?

Nilimgeukia Mzee Mabula. Alikuwa hataki hata kulisogelea. Lakini alisema neno moja pale alipokaa, nami nawaachia ninyi.

"Mgonjwa wa degedege humpimi akiwa anacheza mpira. Mfuate mpaka aanguke."

Nikamwambia Daudi ampigie simu baba mkwe wake. Nikasema, "Mwambie fundi anataka naye awepo garini." Daudi aliniangalia kama nimemwambia akamwite simba. Lakini alikwenda posta akapiga.

Mzee Bwire alikuja na basi. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Nilimwamkia, akaitika kwa upole. Daudi alipomwamkia, "Shikamoo baba," alijibu "Marahaba" akiangalia barabara. Akakaa kiti cha nyuma. Mimi nikakaa mbele na sanduku langu la spana miguuni, chupa ya maji, kitambaa, na plagi moja ya akiba.

Tulitoka saa ile jua linapopanda. Tukapita Igoma. Mimi nilikuwa naomba, wanangu, na sala yangu ilikuwa ya ajabu. Nilikuwa naomba gari liharibike. Daudi naye, nilimwona kwenye midomo, alikuwa anaomba hivyo hivyo. Jasho linamtoka, si la joto.

"Mbona linakwenda vizuri," alisema Mzee Bwire kutoka nyuma.

Daudi akabadilisha gia.

Tulipofika Kisesa, mbele kidogo ya mnada, likakata. Halikukohoa, halikutetemeka. Kimya, tairi tu zinasikika kwenye lami. Daudi akalisogeza pembeni, akaachia usukani, akafumba macho. Akasema taratibu, "Asante Mungu." Nadhani ni dereva wa kwanza duniani kumshukuru Mungu kwa gari kuzimika.

Nikaruka nje. Hapa ndipo msikilize vizuri. Gari likifa ghafla namna hiyo, una maswali mawili tu: petroli ipo? Cheche ipo? Cheche ndiyo nyepesi kuuliza. Nikauchomoa kwenye kofia ya distributa ule waya mnene unaotoka kwenye koili, nikachomeka ile plagi yangu ya akiba, nikailaza kwenye chuma cha injini ili igusane vizuri. Usiache waya unaning'inia hewani kwenye magari haya. Umeme ukikosa pa kwenda unarudi kuunguza kidude. Na usishike kwa mkono. Nilimwona bwana mmoja pale Mkuyuni aliyeshika, aliwapigia saluti watu wa ng'ambo ya barabara.

"Piga stata," nikamwambia Daudi.

Injini ikazunguka. Plagi kavu, haina hata nyota.

Mzee Bwire alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yangu. "Maana yake nini?"

"Maana yake cheche haipo, mzee. Petroli haina kosa. Na anayeendesha pia sijamwona akigusa kitu."

Koili ilikuwa mpya, na joto lake lilikuwa la kawaida. Kilichobaki kilikuwa kidude. Nikafungua kofia ya distributa, nikakigusa kwa ukucha, nikaondoa kidole haraka, kilikuwa kama kikaango. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua kisichuruzike, maana maji na distributa havipendani, nikakiweka juu yake kama unavyomkanda mtoto mwenye homa. Tukangoja. Ng'ombe wa mnadani wakapita na wachungaji wao, mmoja akauliza tunapika nini humo ndani.

"Piga stata."

Cheche. Ya buluu, imenyooka, inalia ta-ta-ta kwenye chuma. Wanangu, nimeona vitu vizuri maishani, nimeona wajukuu wakizaliwa, lakini cheche ile siisahau. Nikaondoa kitambaa, nikangoja joto la injini lirudi kwenye kidude, nikamwambia apige tena. Ikapotea. Nikaweka kitambaa, ikarudi. Nikafanya hivyo mpaka Mzee Bwire mwenyewe akaninyang'anya kitambaa, akakiweka kwa mkono wake. "Piga," akamwambia Daudi. Akaona.

Akabaki ameinamia injini.

Nikafungua skrubu mbili, nikakitoa kidude. Mgongo wake ulikuwa unang'aa, msafi, mkavu. Hapo nikashtuka. Kwenye magari yale mengine niliyokuwa nimeshayachungulia, nyuma ya kidude palikuwa na mafuta mazito meupe kama dawa ya meno. Nilishamuuliza fundi redio wa pale Mkuyuni habari zake, kwa sababu nilikumbuka kuyaona ndani ya redio. Alinieleza kuwa mafuta yale yanalipitisha joto, yanalitoa kwenye kidude na kulipeleka kwenye chuma kikubwa. Yasipokuwepo, kidude kinajipika chenyewe.

"Nani alikifungua hiki?" niliuliza. "Fundi wa pampu? Wa koili?"

Daudi akatikisa kichwa. "Hakuna aliyegusa hapo, fundi."

Mzee Bwire akakohoa.

"Mimi," alisema.

Tukamtazama.

"Lilipokuwa kwangu Musoma, Jumapili moja. Nilitaka kusugua pointi. Nimesugua pointi tangu nikiwa kijana. Nikafungua, sikuziona. Nikaona hicho kidude, nikakifungua, chini yake kuna uchafu mweupe. Nikausafisha kwa petroli mpaka ukaisha." Alitazama mikono yake. "Nilisafisha vizuri sana."

Sikucheka. Nataka mjue nilijizuia kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Daudi alichukua kile kitambaa kibichi kutoka mkononi mwa baba mkwe wake, akakikung'uta, akakianika kwenye boneti.

Nikakirudisha kidude, tukarudi Mkuyuni tukisimama kila mara kukikanda. Fundi redio akanipa mafuta meupe kidogo kwenye kizibo cha soda. Nikayapaka kwa tabaka jembamba, kama unavyopaka mafuta usoni, maana yakizidi nayo yanazuia joto. Nikakaza skrubu sawasawa. Mzee Mabula alikuwa amesogea bila kuitwa. Nilimweleza yote, kitambaa, cheche ilivyopotea na ilivyorudi. Akakiinamia kidude kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hiki nacho kazi yake ni kumwondoa mtoto titini," alisema.

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee."

"Ila hakina vipele."

"Hakina."

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka kama mtu aliyetua gunia. "Basi tutazoeana," alisema. Na tangu siku ile alikuwa wa kwanza kufungua magari ya Kijapani, akawa anawafundisha wengine kwa sauti utadhani ni yeye aliyeyaunda.

Kesho yake tukatoka tena sisi watatu, kulijaribu. Mzee Bwire safari hii alikaa mbele. Igoma. Kisesa, pale pale mnadani. Daudi alishika usukani kama anashika ukingo wa mtumbwi. Likapita. Nyanguge likapita. Jua lilikuwa kali kiasi cha kuifanya lami ing'ae kama maji, na gari linakwenda. Tulipofika Magu Mzee Bwire akasema, "Simama." Tukasimama.

"Zima."

Daudi akazima. Tukanywa soda dukani, joto la injini likipanda lenyewe chini ya boneti. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote kwa kidude, nami nilijua, nikashindwa kumaliza chupa yangu.

"Washa."

Likawaka mara moja.

"Zima. Washa tena."

Likawaka.

Daudi aliweka paji la uso kwenye usukani, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na sidhani kama yeye alijua. Mzee Bwire aliweka mkono wake mgongoni kwake. Ninyi hamwajui wazee wa kule. Baba mkwe hamgusi mkwewe hivi hivi.

"Mwanangu," alisema. "Twende ukamchukue mke wako."

"Sasa hivi, baba?"

"Unataka lipoe?"

Wakaondoka. Namaanisha waliondoka, wanangu, wote wawili, kwa furaha ile ile, kuelekea Lamadi na Bunda na Musoma, nami nimesimama mbele ya duka na chupa ya soda mkononi. Nilipiga mluzi, nikapunga kanga. Lile gari lilikuwa zima kweli kweli, halikupunguza mwendo hata kidogo. Bahati sanduku la spana nilikuwa nimelishusha.

Kulikuwa na lori la pamba linakwenda Mwanza. Dereva akaniambia mbele pamejaa, kama naweza kukaa juu nipande. Nikapanda. Nikalala chali juu ya pamba, jua limeanza kulegea, ziwa linaonekana na kupotea upande wa kulia. Njia nzima nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, na dereva, nikimsikia chini kule, aliuliza mara kadhaa kama yule mama wa juu ni mzima.

Nilikuwa mzima. Sijawahi kupanda gari laini kama lile.